Baridi inayoua bungua, na namna ya kuitengeneza ukiwa Dar es Salaam

Unga laini chini ya mguu wa kitanda, vitundu kwenye kinyago kilichonunuliwa Mwenge, shina la mwembe linalomwaga vumbi la mbao: hiyo yote ni kazi ya bungua, wadudu ambao mabuu yao huishi ndani ya mti na kuula kutoka ndani. Wenzetu wa nchi za baridi wana tumaini ambalo sisi hatuna. Kila Januari baridi ikichachamaa Marekani na Kanada, hurudi swali lilelile: je, safari hii itawamaliza wadudu wageni wanaoangamiza misitu? Jibu lake lina faida hata kwa mkazi wa Temeke, kwa sababu linaonyesha baridi huua kwa masharti gani. Ukishayajua masharti hayo, friza ya kawaida inatosha kwa vitu vidogo, na pale friza isipoweza, jua la Dar linaweza.

Baridi kali inavyoua, na inavyoshindwa

Anayejulikana zaidi ni bungua wa kijani wa ashi, mti wa misitu ya nchi za baridi; jina lake la kisayansi ni Agrilus planipennis, aliyetoka Asia ya Mashariki na kugunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002. Tangu hapo ameua makumi ya mamilioni ya miti Amerika ya Kaskazini. Buu wake hupitisha majira ya baridi ndani ya gome nene au kwenye mbao iliyo chini yake, akiwa amejikunja, na mwili umejaa gliserini, ileile inayopakwa miguuni huku kwetu. Gliserini hiyo huyafanya maji ya mwilini yasigande mpaka yafike karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Barafu ikishaanza kujijenga ndani yake, amekwisha. Makadirio yanayotumika sana Marekani ni kwamba buu wakifika nyuzi −23, kama theluthi moja hufa. Wakifika −29, karibu wanne kati ya watano. Wakifika −34, karibu wote.

Neno la kushika hapo ni "wakifika". Joto linalotangazwa na watabiri ni la hewa, na buu hayumo hewani. Yumo chini ya gome la mti mnene uliohifadhi joto la jana, huenda upande unaopigwa na jua mchana, huenda karibu na mizizi ambako theluji imelifunika shina na kulikinga na upepo. Usiku mmoja wa −30 unaweza kupita na yeye asiionje hiyo −30 hata kidogo. Ndiyo maana kila baada ya baridi kubwa magazeti hutangaza kifo cha wadudu, na kiangazi kikifika miti inakutwa bado inaliwa.

Halafu kuna suala la majira. Mbawakawa wa misonobari ya milimani, Dendroctonus ponderosae, aliyeangamiza misitu mikubwa ya British Columbia, katikati ya majira ya baridi huhitaji karibu −40 ili mabuu wafe kwa wingi. Lakini baridi ya kama −25 ikishuka ghafla mwanzoni mwa majira ya majani kupukutika, kabla hawajajaza gliserini ya kutosha, huwaua. Kinyume chake pia kipo: bungua wa ashi akipata siku kadhaa za joto katikati ya majira ya baridi hupoteza kinga yake, na baridi ikirudi humkuta hana silaha.

Kwa hiyo mambo ya kuangalia ni manne: joto la katikati ya mbao, muda ambao joto hilo limedumu, kasi ya kulifikia, na kama mdudu alipata nafasi ya kujizoesha. Hili la nne ndilo linalotubeba. Bungua aliyekulia ndani ya kabati la Kinondoni hajawahi kuonja baridi, na hana gliserini aliyojiwekea akiba. Huhitaji −34. Nyuzi −18 zinatosha, mradi ziingie haraka na zikae.

Baridi ya hewa ya kwetu haimsumbui. Usiku wa Julai Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 18 au 20 hivi. Hapo mdudu hupunguza kasi ya kukua, basi. Hata sakitu ya Njombe na Makete, inayochoma viazi alfajiri, huisha jua likipanda na haipenyi ndani ya gogo. Johannesburg kuna usiku wa chini ya sifuri kila majira ya baridi, na bado bungua mdogo wa Asia, Euwallacea fornicatus, mwenye urefu wa milimita 2 hivi, anaitafuna miti ya mitaani. Alitambuliwa Afrika Kusini mwaka 2017, huko Pietermaritzburg. Kama kipupwe cha Johannesburg kimemshindwa, asitegemee mtu upepo wa kusi.

Mjue kwanza anayekula

Kabla ya kuwasha friza au kutandika nailoni, chunguza matundu na kinachotoka humo. Fedha nyingi hupotea kwa kuruka hatua hii.

Unga laini sana unaoteleza kati ya vidole, pamoja na matundu ya milimita 1 hadi 2, ni wa bungua wa unga, jamii ya Lyctus. Huyu hula ile sehemu nyeupe ya nje ya mbao ngumu, kwa sababu humo ndimo mna wanga. Kiini cha mninga, mvule au mpingo hakigusi, na paini hazimhusu kabisa. Kigeuze kinyago cha mpingo uangalie chini yake: mara nyingi pembeni mwa kiini cheusi kuna ukanda wa rangi ya maziwa, na matundu yote yamo kwenye ukanda huo, yanakoma pale weusi unapoanzia. Kinyago cheusi chenye matundu kila mahali, hadi usoni, basi huo si mpingo. Ni mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu.

Matundu makubwa zaidi, ya milimita 3 na kuendelea, yenye unga mwingi wa chengachenga, ni ya jamii ya dumuzi. Ndiyo, ukoo uleule wa dumuzi wa mahindi, mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyeonekana kwanza Tabora, akiwa ameingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwao asili yake ni mdudu wa kutoboa mbao. Ndiyo maana kihenge kikishamaliziwa mahindi, dumuzi hubaki kwenye nguzo na fito zake akisubiri msimu mwingine.

Vipunje vikavu vigumu, vidogo kuliko ufuta, vyenye pande sita ukivitazama kwa lenzi, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Si bungua, ila friza na joto vinavyoelezwa hapa chini humuua vilevile.

Matundu madogo yenye ukingo mweusi, yasiyotoa unga wowote, achana nayo. Hayo yalitobolewa mti ukiwa mbichi na wadudu wanaolima kuvu ndani ya mbao na kumla huyo kuvu. Mbao ikikauka kuvu hufa na mdudu naye hana chakula. Fundi akikuuzia dawa kwa matundu ya namna hiyo, anakuuzia maji.

Unga peke yake hauthibitishi kwamba mdudu yu hai, kwa sababu ukikigonga kitanda cha miaka kumi iliyopita bado unga wa zamani utamwagika. Futa unga wote, kausha kwa kitambaa, zungushia matundu yaliyopo alama ya penseli, kisha tandika karatasi nyeusi chini ya kitu hicho na ukiache bila kukisogeza wiki mbili hadi nne. Vikilima vipya vya unga mweupe juu ya karatasi, au tundu jipya lenye kingo safi nje ya alama zako, ndio ushahidi.

Friza: kwa vinyago, vigoda, vijiko vya mwiko na fremu

Chagua friza ya kufungukia juu. Friji yenye mlango wa kioo ya kuuzia soda haifai hata kidogo, kwa sababu kazi yake ni kupoza, haigandishi. Friza inayotumika kwa biashara ya samaki au aiskrimu itafika kiwango kinachotakiwa, lakini ikiwa inafunguliwa mara ishirini kwa siku, joto litakuwa linapanda na kushuka, na huo ndio mwanya wa mdudu kunusurika. Tafuta inayoweza kufungwa wiki mbili bila kuguswa.

1. Iwashe ikiwa tupu, kiwango cha baridi kikiwa cha mwisho, kwa saa 24. Weka themometa juu na nyingine chini. Sehemu ya juu, karibu na kifuniko, ndiyo dhaifu. Ikisoma −14 wakati chini kuna −20, basi friza yako ni ya −14. Kagua raba ya kifuniko: weka noti katikati, funga, uivute. Ikitoka bila kukataa, raba imechoka.

2. Hakikisha kitu ni kikavu. Mbao mbichi ina maji mengi ambayo yakiganda yanaweza kuipasua, na huchukua muda mrefu mno kupoa. Kama kinyago kimechongwa juzi na bado ni kizito kuliko ukubwa wake, kikaushe kivulini kwanza.

3. Kifunge kwa kitambaa cha pamba, khanga kuukuu inatosha, kisha nailoni nzito. Kandamiza utoe hewa, ziba kila mshono kwa selotepu pana. Kitambaa kinakunywa unyevu. Nailoni inazuia jasho la hewa ya Dar lisitue kwenye mbao baadaye. Asilimia kubwa ya madoa na mabaka kwenye vitu vilivyogandishwa hutokana na kuruka hatua hii.

4. Tengeneza kipimo chako. Chukua kipande cha mbao chenye unene sawa na sehemu nene zaidi ya kitu chako, toboa tundu la milimita 6 mpaka katikati, ingiza ncha ya themometa yenye waya, ziba mdomo wa tundu kwa pati, na ukifunge kipande hicho kwa khanga na nailoni vilevile. Kisomeo kikae nje. Bila hiki unapima hewa, na utarudia kosa la magazeti ya Marekani.

5. Pakia usizidi nusu ya friza, ukiacha nafasi ya sentimita 5 kati ya mzigo na mzigo ili baridi izunguke. Baridi inayoingia pole pole kwa siku nzima humpa mdudu nafasi ya kujizoesha. Inayoingia kwa saa chache haimpi. Ndiyo maana mzigo mdogo kwenye friza iliyokwisha kupoa unaua vizuri kuliko mzigo mkubwa kwenye friza iliyowashwa sasa hivi.

6. Anza kuhesabu siku pale kipande cha kipimo kinaposoma −18 katikati, si pale ulipofunga kifuniko. Kwa mbao ya sentimita 10 tegemea kusubiri siku moja nzima, au mbili friza ikiwa dhaifu. Kutoka hapo acha siku 14. Ukipata chumba cha kugandishia kinachofika −30 kwelikweli, siku 3 zinatosha.

7. Ukimaliza, toa mzigo lakini usiufungue. Uache ukiwa umefungwa kwa saa 24, au 48 kwa kitu kinene, mpaka nailoni ikauke kwa nje. Mbao iliyoganda huwa ngumu na yenye kuvunjika, kwa hiyo usiigonge wala usiibebe kwa sehemu nyembamba kama mkuki au vidole vya kinyago.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyofungwa huhimili saa kadhaa. Umeme ukirudi soma kipimo: kama katikati ya mbao bado ni −15 au chini zaidi, ongeza siku mbili kwenye hesabu na uendelee. Kama imepanda juu ya sifuri, hesabu irudi mwanzo. Usihuzunike sana lakini, maana kuyeyuka na kuganda tena ni pigo la pili kwa mdudu. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi, wiki moja ndani, siku moja nje kikiwa bado kimefungwa, kisha wiki nyingine ndani. Kwa mtaa ambao umeme hauna uhakika, njia hiyo ya awamu mbili ndiyo ya kuchagua tangu mwanzo.

Vipo vya kutoweka kwenye friza: picha za Tingatinga kwenye hadibodi, kwa sababu rangi ya mafuta huwa ngumu kwenye baridi na kupasuka ikikunjwa au kugongwa, ngoma yenye ngozi iliyovutwa, labda uilegeze kwanza, na fenicha ya vinia iliyobandikwa kwa gundi. Picha ikiwa ndiyo yenye fremu inayoliwa, itoe picha, gandisha fremu peke yake.

Jua: kwa mbao, viti na meza zisizo na vanishi

Hapa Dar ndipo tunapowashinda wenye theluji. Mbao ikifika nyuzi 56 katikati na kukaa hapo dakika 30, bungua wa hatua zote hufa, yai hadi mdudu kamili. Hewa ya Februari ni nyuzi 32 hivi, kwa hiyo jua la wazi peke yake halifikishi. Kitanda kinachoanikwa uani siku nzima hupata joto juu, mabuu husogea ndani, na jioni kazi inaendelea. Kinachohitajika ni kunasa joto.

Tandika kwanza kitu cha kuzuia joto lisipotelee ardhini: boksi zilizofunuliwa tabaka tano au sita, au godoro kuukuu. Funga mbao kwa nailoni nyeusi pande zote, ziba mishono. Ifunge ikiwa inabana, kwa sababu hewa kidogo ndani ina maana mbao haitapoteza maji yake, na mbao isiyopoteza maji haipasuki. Hapo ndipo wengi hukosea: huogopa "kuivukiza" mbao, wanaacha matundu ya kupumulia, na wanaishia na mipasuko. Juu ya furushi hilo simamisha fito na uzifunike kwa nailoni angavu, ukiacha nafasi ya sentimita 10 hivi kati ya nyeusi na angavu, na uibane pembeni kwa mchanga au matofali. Nyeusi inakusanya joto, angavu inazuia upepo wa bahari usilichukue.

Kipande cha kipimo kinahitajika hapa pia, chenye unene uleule na tundu lilelile, na kikae upande wa chini wa furushi, maana huko ndiko kunakopata joto mwisho. Pakia asubuhi kabla ya saa tatu. Mbao ya sentimita 2 hadi 5 inaweza kufika 56 kati ya saa saba na saa tisa mchana siku isiyo na mawingu. Ikifika, ishikilie saa nzima badala ya dakika 30, kwa sababu kipande kimoja cha kipimo hakisemi habari za kila kona. Geuza furushi, urudie kesho yake. Mguu wa kitanda wenye unene wa sentimita 8 au zaidi mara nyingi hautafika katikati kwa siku moja, na joto la jana huwa limepotea usiku. Huo upeleke kwa mwenye tanuru la kukaushia mbao.

Januari, Februari na Oktoba ni miezi mizuri. Masika usijaribu. Kama kipimo kimegota kwenye 48 au 50, usijidanganye kwamba "kimekaribia", tafuta siku nyingine au ongeza tabaka la pili la nailoni angavu.

Mpingo usiuweke juani. Hupasuka kwa ukaidi, hasa vipande vinene vyenye kiini, na mpasuko wa mpingo haurekebishiki. Wenye vinyago wabaki kwenye friza. Vanishi za kizamani na nta nazo hulainika kwenye joto hili na kunata kwenye nailoni.

Kreti na paleti za kusafirishia

Anayepeleka mzigo nje kupitia bandari au uwanja wa ndege hana hiari. Kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, ISPM 15, iliwekwa mwaka 2002 kwa sababu bungua walikuwa wakisafiri ndani ya kreti. Mbawakawa wa Asia mwenye vipapasio virefu, aliyegunduliwa New York mwaka 1996, anaaminika alifika hivyo. Kanuni inataka mbao iondolewe magome, kisha ipashwe joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo katika unene wake wote, au itumie njia nyingine chache zilizoidhinishwa. Kugandisha hakumo katika orodha hiyo, wala furushi lako la nailoni uani, hata kipimo kiwe kimesoma 60.

Kwa hiyo kreti inunuliwe au ipashwe kwa mwenye idhini ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Muhuri wake una alama ya IPPC, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, herufi TZ, namba ya mtoaji huduma, na herufi za tiba, HT kwa joto au MB kwa gesi ya methili bromaidi. Unatakiwa uonekane, ikiwezekana angalau pande mbili zinazokabiliana. Magome yaliyosalia yasizidi upana wa sentimita 3. Yakizidi, kila kipande kiwe chini ya sentimita 50 za mraba. Ukibadilisha ubao mmoja wa paleti kwa mbao isiyopashwa, muhuri hauilindi tena. Plaiwudi na mbao nyembamba za milimita 6 kushuka chini hazibanwi na kanuni hii, na kwa vifurushi vidogo vya vinyago kreti ya plaiwudi hukuondolea usumbufu wote huo.

Mti uliokatwa haungoji

Marekani na Kanada miti yenye bungua wa ashi hupunguzwa matawi na kusafirishwa majira ya baridi, wakati hakuna mdudu anayeruka. Dar hakuna mwezi wa namna hiyo. Mwembe au mparachichi uliokatwa kwa sababu ya matundu unaweza kutoa wadudu wazima siku yoyote, kwa hiyo hesabu ni ya siku, si miezi.

Matawi yasagwe vipande visivyozidi sentimita 2.5. Yamwagwe penye jua, yafunikwe kwa nailoni angavu iliyofukiwa kingo zote, yakae wiki sita wakati wa jua kali. Majira ya mawingu yaache miezi sita. Lundo likizidi kina cha goti, la chini halitapata joto, libomoe uligeuze. Magogo yasiyosagika yachomwe mkaa hapohapo au yapasuliwe yatumike kuni karibu, yasipakiwe kwenye kirikuu kupelekwa Chanika kwa ndugu. Hivi ndivyo mdudu asiyeruka mbali anavyovuka mji kwa siku moja.

Mnazi una hadithi yake. Chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe, si mgeni kwetu, ila huzaliana kwenye mashina ya minazi yaliyolala na kuoza na kwenye malundo ya samadi. Shina la mnazi uliokufa lipasuliwe na lichomwe. Kuliacha uwanjani ni kumlea. Kwenye minazi michanga weka mchanga makutanoni mwa makuti ya juu, na tundu likionekana mchokoe kwa waya wenye ndoana.

Baada ya kuua

Friza na jua havina sumu inayobaki. Bungua wa unga akitua kesho kwenye mbao tupu atataga upya, kwa kuingiza mayai kwenye vinyweleo vya mbao. Kwa hiyo ziba: msasa, sila, kisha vanishi au rangi, na usisahau chini ya meza, nyuma ya kabati na ndani ya droo, sehemu ambazo mafundi wengi huziacha kavu kwa kuwa mteja hazioni. Matundu ya zamani yazibe kwa nta au pati yenye rangi tofauti kidogo na mbao, ili tundu jipya lionekane mara moja.

Kwa mbao ambayo bado haijapakwa kitu, chumvi za boroni zinasaidia. Kwa lita 10 za maji ya moto changanya gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki, koroga mpaka maji yawe angavu, lowesha mbao zote, na urudie mara tatu bila kuiacha ikauke kati ya mpako na mpako. Vaa glovu, weka mbali na watoto, na usitumie kwenye ubao wa kukatia au miko. Dawa hii husombwa na mvua, kwa hiyo ni ya mbao za ndani. Oili chafu na mafuta ya taa, ambavyo bado vinapakwa sana, hulowesha milimita chache za juu wakati buu yuko sentimita mbili ndani, na vanishi haitashika juu yake tena.

Mnunuzi wa mbao pale Keko au kwingineko akague kingo kwanza. Ubao wenye ukanda mweupe wa zaidi ya sentimita moja uulize bei ya chini, na fundi aukate ukanda huo kabla ya kuunga, au aulaze kwenye friza au jua kabla ya kuupaka chochote. Karatasi nyeusi chini ya samani mpya irudishwe baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka, kwa kuwa buu aliyenusurika anaweza kuchukua miezi michache au mwaka mzima kabla ya kutoboa tundu lake la kutokea.